Orodha ya Chona

Kwa miaka ishirini na miwili, jioni za mvua, akina mama wa Naga na miji ya jirani hawakuwasha pasi mpaka Chona Barrameda amalize orodha. Taarifa ya habari ya televisheni ya mkoa ilianza saa kumi na moja kamili. Vichwa vya habari, mauaji, bei ya mchele, madiwani waliotukanana, halafu, dakika tatu kabla ya kufunga, miji ambayo kesho haina shule. Mji ukitajwa, sare inarudi kabatini na watoto wanaruka juu ya vitanda. Usipotajwa, pasi inawashwa na watoto wananuna. Kulikuwa na wanaume wenye ndevu, wenye watoto wao wenyewe, waliompungia Chona mkono sokoni wakaita, "Mama Hakuna Shule!" na yeye akajifanya amekereka.

Kimbunga kikipewa namba ya hatari na watu wa hali ya hewa, shule hujifunga zenyewe na hakuna wa kuulizwa. Taabu iko kwenye mvua zisizo na namba. Hapo kila meya huamua kivyake: huyu anafunga chekechea tu, yule anafika mpaka sekondari, wa tatu anachungulia kwanza jirani kafanya nini. Kwa ajili ya mvua hizo Chona alikuwa na daftari la jalada jekundu lenye namba za makatibu wa mameya thelathini na watatu. Alijua katibu yupi anapenda kuulizwa habari za majogoo wake wa kupigana, na yupi mumewe yuko Uarabuni, na yupi hapendi kuulizwa chochote, unamwita tu jina na unasubiri.

Hilo ndilo alilokuwa nalo Chona. Mume alikwisha kufa, mtoto hakupata, na sura, kama alivyosema Dondie wa vipodozi, ilikuwa bado ipo ila ilihitaji kukumbushwa.

Halafu akaja Krizelle Olaguer.

Krizelle alikuwa na miaka ishirini na sita na alikuwa ripota wa kawaida mpaka siku ile ya mafuriko, aliposimama katika maji ya kifua akiripoti moja kwa moja, na mtoto wa nguruwe akaja akiogelea, akamkwea begani. Krizelle akamkumbatia kwa mkono mmoja, akashika maiki kwa mwingine, akamaliza ripoti yake bila kukosea neno. Watu milioni tatu waliitazama video ile. Mwezi uliofuata aliwekewa kiti kwenye meza ya habari, kushoto kwa Chona.

Chona alivumilia. Walipogawana vichwa vya habari, kimoja chako kimoja changu, alivumilia. Ilipofika Juni akavumilia kwa shida. Alikuwa amesimamia ndoa arobaini na sita, maana hapa kwetu bibi harusi na bwana harusi hujitafutia wasimamizi wenye majina, na jina la mtu wa televisheni hupendeza kwenye kadi. Siku moja mwezi huo mjumbe aliingia studio na bahasha ya harusi yenye utepe wa dhahabu. Chona akanyoosha mkono. Mjumbe akampita kwa adabu, "Samahani, Mama," akampa Krizelle. Mkono wa Chona ulibaki hewani ukitafuta cha kushika, mwishowe ukashika kikombe.

Krizelle naye angekuwa na kiburi ingekuwa nafuu. Alikuwa na moyo safi, jambo lisilosameheka. Alimletea Chona supu ya tambi ya kinalas kila alasiri, yai juu, pilipili pembeni. Alimshika mkono kwenye ngazi. Na siku moja, hewani, mbele ya mkoa mzima, alimgeukia kwa upendo akasema, "Asante, Shangazi Chona." Jana yake alikuwa bado dada. Vijana wa mitandaoni wakalidaka, na kufikia Ijumaa Chona Barrameda alikuwa shangazi wa watu laki mbili.

Dondie ndiye aliyempa habari mbaya zaidi, huku akimpaka poda shingoni.

"Madamu, usigeuke, nitakutoboa jicho. Umesikia?"

"Nimesikia nini?"

"Basi hujasikia. Mimi sijasema kitu."

"Dondie."

"Nasema, lakini shika kiti." Akashusha sauti. "Orodha wanampa Mama Nguruwe."

Hilo lilikuwa jina la Krizelle nyuma ya pazia. Chona mwenyewe ndiye aliyelianzisha.

Alimkuta mkuu wa kituo, Bosi Badong, akitafuna kokwa za mti uitwao pili na kutema maganda kwenye kifuniko cha kopo.

"Chona, kaa kwanza. Hii si vita."

"Sijakaa na sitakaa. Orodha yangu imefanya nini?"

"Haijafanya kitu. Dunia ndiyo imefanya. Krizelle anafungua kurasa za miji kwenye simu, dakika kumi kamaliza. Wewe unapiga simu mchana kutwa kama dalali wa viwanja."

"Napiga kwa sababu mtu akiniambia kwa mdomo wake, hageuki baadaye."

"Utapumzika."

"Nilikuambia nimechoka?"

Bosi Badong akaangalia maganda yake. "Unabaki na vichwa vya habari. Unabaki na kufunga kipindi. Nani mwingine ana vyote hivyo?"

Chona alitoka. Koridoni ukutani kulikuwa na picha yake ya mwaka wa kwanza, mabega ya koti yamejazwa sponji, nywele zimesimama. Alikuwa na umri wa Krizelle. Shingo ile ilikuwa haijui poda.

Wiki tatu zilizofuata mvua ilinyesha vya kutosha, na Krizelle alisoma orodha mara nne. Chona alikaa kando yake na tabasamu la kazini, akihesabu. Jina la mji limevutwa mno. Pumzi imechukuliwa pasipofaa. Wakati mwingine hakupata kosa hata moja, na jioni hizo ndizo zilizomchoma zaidi. Dondie aliumaliza uso wa msichana yule kwa dakika kumi. Wa Chona ulichukua arobaini, na kila dakika Chona aliiona kwenye kioo ikipita.

Lakini simu hakuacha kupiga. Huo ndio ukweli ambao asingemwambia mtu. Mvua ikianza tu, saa tisa alasiri, alijificha kwenye ngazi za nyuma na daftari lake jekundu na kuwapigia makatibu, sauti chini, kama mke anayempigia hawara. Hakumwambia hata mmoja wao kwamba orodha si yake tena. Aliandika miji yote kwenye karatasi, akaikunja, akaiingiza chini ya makaratasi yake mezani. Krizelle alipokuwa akisoma, Chona aliifuata orodha yake kwa kidole, mji kwa mji. Mara zote nne zililingana. Hakujua kama alitaka zilingane.

Mara ya tano ilikuwa Jumanne ya Novemba, mvua siku ya tatu, bila namba. Saa tisa na nusu alimpigia Nida, katibu wa meya wa Binalisan, mji mdogo kando ya mto.

"Nida. Mume hajambo?"

"Yuko Dammam, analalamika joto. Mimi huku nalowa, yeye kule anakaangika. Ndoa moja, hali ya hewa mbili."

Chona akacheka kwa kweli. "Na kesho vipi?"

"Meya kafunga yote, chekechea mpaka chuo. Daraja la kamba linacheza kama meno ya bibi yangu. Tena intaneti ya ofisi imekufa tangu asubuhi, siwezi kubandika tangazo popote. Nilitaka kutuma pikipiki ya kipaza sauti izunguke vijijini, lakini kama unataja wewe, nimloweshe dereva wa watu kwa nini?"

"Itume tu, Nida," Chona alianza.

"Dada, wacha. Hapa Binalisan ukisema wewe ni sheria. Meya mwenyewe haaminiki hivyo."

Hapo ndipo pa kumwambia. Maneno yalikuwa machache: si mimi ninayesoma siku hizi. Lakini Nida alikuwa amesema sheria, na Chona alikuwa hajasikia neno tamu kama hilo tangu Juni. Aliandika: Binalisan, madarasa yote. Akapigia mstari.

Alikusudia kumpa Krizelle. Tumtendee haki: alishuka ngazi zile na karatasi mkononi, akakusudia kusema tu, "Ongeza Binalisan." Alimkuta ameshakaa mezani, waya wa kisikilizio umepita nyuma ya sikio, karatasi yake imechapwa kwa rangi, safi, na jua dogo lenye wingu limechorwa pembeni.

"Dada Chona!" Alikuwa amerudi kwenye dada tangu mitandao imcheke Chona. "Leo nimepitia kurasa zote, sijaacha hata moja. Na umesikia? Kuanzia Jumatatu sehemu hii inapewa jina. Bosi kasema iitwe Orodha ya Krizelle. Mimi nimemwambia ni aibu, hakunisikiliza."

"Ni jina zuri," Chona alisema. Akakaa. Akaiweka karatasi yake chini ya makaratasi mengine, akaweka mkono juu yake, kiganja kimefunguka, kama mtu anayeapa.

Saa kumi na moja na dakika ishirini na sita Krizelle alianza kusoma. Chona alifuata. Baao, ipo. Calabanga, ipo. Naga, chekechea na msingi, sawa. Minalabac, sawa. Msichana alisoma vizuri. Alifika chini ya ukurasa wake, akainua macho, akaitazama kamera kwa ule uso uliopendwa na watu milioni tatu.

Binalisan hakuitaja.

"Tuko mbele kidogo," sauti ya mwongozaji ikasema masikioni mwao. "Sekunde nane. Kuna cha kuongeza kabla ya kufunga? Chona?"

Sekunde nane ni nyingi. Jaribu kukaa nazo. Katika sekunde nane Chona angeweza kusema Binalisan mara tano. Alihisi karatasi chini ya kiganja, joto lake mwenyewe limeingia ndani yake. Alimtazama Krizelle, shingo ile, na akafikiri: kesho watajua. Kesho watajua nani alikuwa anafanya kazi hii. Hakufikiria daraja. Baadaye aliapa kwamba daraja halikumjia kabisa akilini, na hilo ndilo lililomtisha.

Sekunde zikaisha. "Mkalale salama," Chona alisema, kama alivyofunga kipindi kwa miaka ishirini na miwili, na muziki ukapigwa.

Usiku mvua haikupumzika. Chona alijiambia Nida kabadili mawazo, kaituma pikipiki. Akajiambia pia kwamba ukurasa wa Binalisan umefufuka. Hakupiga simu kuuliza.

Saa tatu asubuhi simu yake ilianza kuita na haikunyamaza. Alipofika studio watu wote walikuwa wamesimama mbele ya televisheni ya chumba cha habari, na ndani ya televisheni alikuwa Krizelle, koti la mvua la manjano, nywele zimegandamana usoni. Nyuma yake mto ulikuwa na rangi ya kahawa ya maziwa. Upande mmoja wa daraja la kamba ulining'inia majini. Wanafunzi mia mbili na kumi na wawili walivuka asubuhi kwenda shule, na saa mbili unusu mto ukaikata njia ya kurudi. Zimamoto walikuwa wanawavusha kwa boti ya mpira, sita sita, mabegi vichwani, sare zimepigwa pasi vizuri na zimelowa. Binti mmoja wa darasa la tatu alitumbukia. Mzimamoto alimdaka kwa nywele. Alikuwa hospitali, anapumua, anamwita mama yake.

Krizelle alisogeza maiki kwa mwanamke mmoja aliyekuwa akilia kwa hasira.

"Chona hakututaja!" mwanamke alifoka. "Angetutaja, mwanangu saa hizi yuko kitandani!"

"Mama," Krizelle alisema, na sauti yake ikakatika, "aliyesoma orodha jana ni mimi. Si Dada Chona. Ni mimi."

"Wewe nyamaza, mwanangu. Tunakujua una roho nzuri, unamfichia. Orodha ni ya Chona. Tangu mimi nasoma ni ya Chona."

"Lakini mlinitazama! Ilikuwa sura yangu!"

"Sura! Nani anatazama sura? Mimi niko jikoni nasikiliza jina la mji."

Wanawake wengine wakaitikia nyuma yake. Chona hakututaja. Chona katusahau. Mmoja akasema Chona kazeeka.

Na Chona, amesimama katikati ya wenzake waliokwepa kumtazama, alihisi kifua chake kikijaa. Aliona aibu baadaye, lakini kwanza lilitokea hili: alifurahi. Mto umechukua daraja, mtoto yuko hospitali, na yeye moyoni alikuwa anasema, mnaona? Mnaona ni ya nani?

Simu ikaita. Nida. Chona akatoka nayo koridoni.

"Dada Chona, nijibu kitu kimoja tu. Jana nilikuambia, au niliota?"

Ukutani, picha ile ya mabega ya sponji ilimtazama.

"Uliniambia," Chona alisema.

Nida hakutukana. Chona alisubiri matusi, akasikia mvua ya Binalisan ikipiga bati la ofisi. Halafu simu ikakatwa.

Saa kumi Bosi Badong aliwaita wote wawili. Safari hii hakuwa na kokwa.

"Tunaomba radhi, na tunaifanya iwe habari ya kwanza. Krizelle anasoma."

"Nataka mimi," Krizelle alisema. Alikuwa bado na matope kwenye vifundo vya miguu. "Wanamlaumu Dada Chona kwa kosa langu. Siwezi kula."

"Chona, wewe unaingia na bei ya mchele."

"Sawa," Chona alisema.

Ilikuwa imepangwa vizuri mno. Msichana atabeba lawama, watu watamwamini sasa maana kasema rasmi, na Nida, hata akisema, ni neno la katibu wa mji mdogo dhidi ya Chona Barrameda. Orodha Ijumaa ingekuwa imerudi kwa Chona. Bosi Badong hakulisema, lakini alimtazama Chona kwa namna ya mtu anayefikiria kulisema.

Dondie alimgusa shavu kwa sifongo, akaiweka chini. "Madamu, leo poda ya nini? Umepauka mwenyewe."

"Fanya kazi yako."

"Nafanya. Mbona umekaa hivyo? Kama mla rushwa mahakamani."

Saa kumi na moja. Muziki. Krizelle alikataa kupakwa chochote, na kwa mara ya kwanza alionekana mtu wa kawaida, pua nyekundu, macho yamevimba. Aliacha maandishi ya mashine ya kusomea yapite bila kuyasoma.

"Jioni njema. Jana niliwasomea miji isiyo na shule, na mji wa Binalisan sikuutaja. Sikuupigia simu. Niliangalia ukurasa wake, nikakuta kimya, nikadhani kimya ni jibu. Orodha ile ilikuwa yangu. Orodha ni yangu, na kosa..."

Yangu. Angesema neno lingine lolote. Chona alikuwa amejiandaa kwa machozi, amejiandaa hata kumshika mkono mbele ya kamera, shangazi mwema. Kilichohitajika ni kufunga mdomo tu, kama alivyoufunga jana kwa sekunde nane. Lakini neno lile lilimpanda kooni kama kiungulia.

"Si yako," alisema.

Krizelle akageuka. Masikioni mwongozaji aliguna.

"Haijawahi kuwa yako, binti. Na kosa si lako pia. Usinichukulie." Chona akaitazama kamera. "Mimi ni Chona Barrameda. Jana saa tisa na nusu ofisi ya meya wa Binalisan iliniambia kwamba shule zote zimefungwa. Niliandika hapa." Akaitoa karatasi, imekunjika, wino umetawanyika palipokaa jasho la kiganja. "Ilikuwa chini ya mkono wangu wakati mwenzangu anasoma. Niliulizwa kama nina la kuongeza. Nilipewa sekunde nane."

"Chona, acha," sauti ikasema sikioni. "Kamera ya pili. Nenda kamera ya pili!"

Mpiga kamera wa pili alikuwa bwana harusi wa moja ya zile ndoa arobaini na sita. Hakugusa kitu.

"Nilinyamaza kwa sababu sikupewa mimi kuisoma. Sina sababu nyingine, nimeitafuta." Akaiweka karatasi mezani, akailainisha kwa ukingo wa mkono, na kwa sauti ile ile ya miaka ishirini na miwili, bila kuvuta jina, bila kukosea pumzi, akasoma orodha ya jana yote, mji kwa mji. Alipofika mwisho akasema, "Binalisan. Madarasa yote." Ilikuwa imechelewa siku moja, na watoto walikuwa wameshavushwa.

Krizelle alikuwa akilia. Chona alimtazama, na hata hapo, Mungu amsamehe, alitambua kwamba msichana yule analia vizuri, na kamera inampenda.

Hawakumfanyia sherehe ya kuondoka. Barua ilimfikia nyumbani kesho yake. Dondie alimletea picha ya koridoni, ameifunga kwa kurasa za magazeti, akasema, "Waliitupa, nikaiokota. Nywele hizo, Madamu, ni ushahidi wa kosa jingine." Sokoni hakuna aliyemwita Mama Hakuna Shule. Muuza samaki alimpimia bila kuinua uso. Alimwandikia Nida barua, akaenda mwenyewe hospitali kumwona yule binti wa darasa la tatu, na mama wa mtoto akasimama mlangoni, akamwambia anashukuru, lakini asiingie. Hakuingia.

Saa kumi na moja kila siku alikaa mbele ya televisheni. Krizelle sasa alikuwa peke yake mezani. Chona alihesabu makosa yake, na yalikuwa yanapungua, na roho ilimuuma kwa kila moja lililopungua.

Katikati ya Desemba mvua isiyo na namba ikarudi. Saa tisa alasiri simu yake iliita.

"Dada Chona, samahani. Ni Krizelle."

"Najua ni nani."

"Nimepiga simu tangu asubuhi, na nimepata miji ishirini na sita kwa mdomo. Saba hawapokei. Namba za kwenye kurasa zao ni za zamani."

Chona akavuta kiti. Daftari jekundu lilikuwa mezani tayari, limefunguliwa. Alikuwa amelifungua mvua ilipoanza, bila sababu, kama mtu anayeweka sahani ya aliyekufa.

"Kama hutaki, nitaelewa," Krizelle alisema.

"Una kalamu?"

Akampa. Wa kwanza, namba, na jina la jogoo wake. Wa pili, usimpigie saa nane, analala. Wa tatu ukimwita bibi anakasirika, mwite dada. Kila namba aliyoisoma ilimtoka kama jino. Alipofika ya sita akasimama.

"Imebaki Binalisan," Krizelle alisema taratibu.

"Huyo hanipokei mimi. Anaitwa Nida. Muulize kwanza habari za mumewe, yuko Dammam. Akikufanyia mzaha wa hali ya hewa, cheka. Ni mzuri." Akalifunga daftari. "Usimwambie nimekutuma."

"Asante, Shang... asante, Dada."

"Na jina la Naga usilivute. Naga. Fupi."

Saa kumi na moja na nusu kasoro, jirani yake Biday, mwenye watoto wanne shuleni, alisimama mlangoni kwa Chona na rundo la sare begani, maana televisheni yake iliharibika tangu kimbunga cha Oktoba. Wote wawili walitazama. Krizelle alisoma miji thelathini na mitatu. Naga aliitaja fupi. Binalisan, madarasa yote, aliitaja ya mwisho, na hakukosea kitu.

Biday hakuangalia tena televisheni. Alimwangalia Chona.

"Eti kweli, Dada? Hakuna shule? Au niwashe pasi?"

Chona alilijua lile swali. Lilimwingia mwilini kama supu ya moto, na akatamani likae hapo, mwanamke yule amesimama na sare begani, anangoja mdomo wake na si wa mwingine. Alimwacha angoje kidogo. Kisha akakumbuka jinsi sekunde zinavyopita, akasema upesi, kabla hazijawa nyingi:

"Kweli. Zirudishe kabatini."